Landy Cauich, fundi sauti anayeweka funguo kwenye friji za watu

Jua la Mérida, huku kusini mwa Meksiko, halijafika utosini, lakini ndani ya nyumba ya Doña Elsy Poot kila mtu anatiririka jasho, na Landy Cauich anazidi kuwaongezea mateso. Amezima pangaboi la sebuleni. Amezima la chumbani. Sasa amepiga magoti jikoni, anapenyeza mkono nyuma ya friji na kuchomoa waya.

Friji inakohoa, inatetemeka, inanyamaza.

"Unisamehe, Doña Elsy," anasema, kisha anafungua mlango wa friji hiyo hiyo na kuweka ndani funguo za gari lake, kati ya bakuli la maharagwe meusi na chupa ya maji ya mchele.

"Mwanangu, hizo funguo zina homa?" anauliza Doña Elsy, na jiko zima linaangua kicheko.

Landy anacheka pia, ingawa utani huo huusikia karibu kila nyumba. Funguo haziwekwi humo zipate baridi. Zinawekwa ili asiweze kuondoka bila kufungua friji, na akiifungua akute taa haiwaki, akumbuke kuirudishia umeme. Friji ikinguruma, inaingia kwenye sauti ya kila neno linalosemwa ndani ya nyumba. Lakini friji ikisahauliwa kwa joto la Mei, wenye nyumba wataamkia uvundo, na watu wa televisheni wataondoka na laana begani.

"Nilisahau mara moja tu, kule Valladolid," anasema. "Siku ya pili yake ilikuwa harusi. Humo ndani mlikuwa na batamzinga wanne wameshakolezwa viungo. Mpaka leo ule mtaa naukwepa."

Landy ana miaka arobaini na mitatu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyebeba mizigo, na ndiye fundi sauti wa Fungua Macho, kile kipindi kinachoingia kwenye nyumba kongwe, kinaifanyia ukarabati, kisha kinamrudisha mwenyewe akiwa amefunikwa macho. Watazamaji wanamjua mtangazaji mwenye meno mazuri. Wanamjua mbunifu wa vyumba. Landy hawamjui, na mwenyewe hataki wamjue.

"Ukiniona kwenye televisheni, ujue nimekosea," anasema. "Fimbo yangu imeingia kwenye picha."

Fimbo anayoisema ni ile ndefu yenye maiki kwenye ncha, anayoinyanyua juu ya vichwa vya watu mpaka mabega yawake moto. Zaidi ya hiyo ana maiki ndogo za kubana kifuani, ndogo kama punje ya haragwe, na hedifoni ambazo zimemchimba alama juu ya masikio. Kazi ya sauti ni kama chumvi ya mboga. Ikiwapo hakuna anayeitaja, ikikosekana kila mtu anakunja uso.

Alizaliwa Umán, mtoto wa mwendesha baiskeli ya magurudumu matatu iliyofungwa spika. Baba yake alizunguka mitaani akitangaza misiba, mikutano na mkate wa moto, na Landy alikaa nyuma ameshika maiki.

"Baba alinilisha kwa kelele," anasema. "Mimi najilisha kwa ukimya. Angekuwa hai angenicheka."

Analipwa kwa siku, peso elfu mbili na ushei, na msimu ukiisha hukaa nyumbani akingoja simu. Hana mkataba wa kudumu. Ameitwa kwa simu, na kwa simu anaweza kuachwa.

Siku hiyo ya kwanza nyumbani kwa Doña Elsy, mahojiano yalifanyika chumbani kwake. Ni chumba cha kizamani cha mtaa wa San Sebastián, dari juu kabisa, sakafu ya vigae vya maua, na kulabu mbili za chuma zimetazamana ukutani. Kati ya kulabu hizo ilining'inia hamaka ya Doña Elsy, wavu wa kulalia wa nyuzi za pamba, mweupe, laini kwa kulaliwa. Kwenye ukuta wa pembeni, usawa wa goti, palikuwa na doa jeusi la mviringo. Hapo ndipo kidole gumba cha mguu wake kilipogusa kila usiku, akijisukuma mpaka usingizi umchukue.

Landy aliishusha hamaka kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, akaikunja, akamkabidhi mwenyewe. Kisha kwenye kulabu zile zile akatundika blanketi nene ili lifyonze mwangwi, maana chumba cha vigae na dari ndefu hukirudisha kila kitu unachosema.

Aliyeandika barua ya kuomba kipindi ni Wilma, bintiye Doña Elsy. Wilma anafanya kazi Cancún, hotelini. Kazi yake ni kutandika vitanda.

"Kila siku natandika vitanda vya wageni," aliiambia kamera, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Mashuka meupe, mito minne minne. Mama yangu ana miaka sabini na sita na hajawahi kulala kwenye kitanda cha namna ile hata usiku mmoja. Nataka alale kama malkia."

"Unasemaje, Doña Elsy?" mtangazaji akauliza.

"Kitu kizuri sana," alijibu Doña Elsy, akampangusa binti yake machozi kwa kiganja. "Kizuri, kizuri."

Kwetu ndivyo tulivyo. Mtu akikukarimu, unapokea. Ukiletewa sahani ya tatu na tumbo limejaa, unasema kitamu, unakula. Adabu hiyo imetuponza mara nyingi na hatujaiacha.

Kamera zikazimwa. Doña Elsy akatoka kwenda uani kumpa maji batamzinga wake, na maiki ndogo ikabaki kifuani, imesahauliwa na mwenyewe na kila mtu.

Nilikuwa nimekaa karibu na Landy ukumbini. Nilimwona akikunja uso. Akashusha sauti kwenye mashine yake, akavua hedifoni, akaziweka mapajani na kuzitazama.

"Kuna tatizo?" nikamwuliza.

"Batamzinga," akanijibu.

Kilichosemwa uani nilikuja kuambiwa baadaye na Doña Elsy mwenyewe, na ameniruhusu nikiandike. Landy hajanitajia hata silabi moja.

"Nilikuwa naongea na batamzinga wangu," alinisimulia Doña Elsy. "Nikamwambia, wewe mwenzangu una pa kulala, mimi je? Nimezaliwa kwenye hamaka. Watoto wangu wote nimewanyonyesha kwenye hamaka. Mume wangu alikata roho kwenye hamaka, mkono wangu ukiisukuma taratibu. Sasa wananiletea meza ya godoro! Nitalalaje juu ya kitu kisichonikumbatia? Lakini Wilma ameshalia kwa furaha. Nitamwambia nini mwanangu? Basi. Wakishaondoka nitatandika mkeka, nitalala chini. Kimya kimya."

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki cha Wilma kilikuwa kipya, hakina kunguni hata mmoja, na bado kilimnyima mama wa watu usingizi kabla hakijafika.

Mtu mmoja tu alijua. Na mtu huyo alikuwa na mdomo uliofungwa na mila ya kazi yake.

"Kinachosemwa kamera ikiwa imezimwa ni mali ya aliyekisema," anasema Landy. Ndilo neno la kwanza alilofundishwa na fundi mzee aliyemwingiza kwenye kazi, kabla hata ya kufundishwa kukunja waya. Wenye nyumba hukaa na ile maiki kutwa nzima. Husahau. Huingia nayo msalani, hugombana nayo, husali nayo. Fundi sauti akizoea kurudia anayoyasikia, hata kwa nia njema, hakuna atakayekubali kubanwa maiki kifuani bila kujibana na moyo.

"Na watayarishaji huwa hawakuombi?" nikamwuliza.

"Huomba."

"Unawaambia nini?"

"Kwamba betri iliisha." Akacheka. "Betri zangu zina tabia mbaya sana."

Wiki iliyofuata kuta zilianza kusafishwa. Mchoro wa mbunifu ulitaka kuta tupu, laini, nyeupe tangu juu mpaka chini. Fundi mwashi ni Don Gaspar Tzuc, mzee wa kazi, mtu wa maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Alifika mbele ya kulabu za chumbani akiwa na nyundo na patasi, akasita, akamwita Renata Olvera, mtayarishaji wa kipindi.

"Bosi, na kulabu hizi?"

Renata akaangalia mchoro. "Hapa hazipo, Don Gaspar. Mama ameomba kitanda."

Don Gaspar akazing'oa. Akang'oa na za sebuleni.

Msimlaumu Renata. Ni mtu wa mji mkuu, mkarimu, mchapakazi, na muda wote aliokaa Mérida amelala hotelini. Hata Don Gaspar msimlaumu. "Nilidhani bibi mwenyewe ndiye aliyetaka," aliniambia. "Mtu na binti yake wakiamua, mimi ni nani niingie katikati?" Mafundi wote ni watu wa kwetu, wote wanalala kwenye hamaka, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza.

Siku hizo Landy hakumaliza chakula cha mchana. Mara mbili nilimwona akimfuata Renata mpaka mlangoni, akasimama, akageuka.

Wiki ya mwisho chumba kikawa tayari, kitupu, kinang'aa. Landy akaingia peke yake na kupiga kofi moja kwa viganja vyake. Mwangwi ukazunguka kuta zote na kumrudia. Akapiga tena. Nilikuwa mlangoni, na naapa niliuona uso wake ukifunguka, kama mtu aliyepapasa gizani akapata kitasa.

Akaenda kumtafuta Renata.

"Renata, chumba kile kinalia."

"Kinaliaje?"

"Njoo usikie." Akampeleka chumbani, akapiga kofi tena. "Mtangazaji akisema neno moja humu, watazamaji watalisikia matatu."

"Si utatia mablanketi yako?"

"Nitayatundika wapi? Siku ile nilikuwa na kulabu."

"Tumia stendi, dada."

"Stendi zitaonekana. Chumba chembamba, na kamera yako unataka izunguke."

Renata akashusha pumzi. Kitanda kilikuwa kinafika kesho yake, wapaka rangi walikuwa wanasubiri, na simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. "Haya, unataka nini?"

"Kulabu mbili. Moja huku, moja kule."

"Msimu mzima hujaniomba hata msumari, Landy."

"Ndiyo maana naomba leo."

"Sawa. Lakini zikinichelewesha rangi, msimu ujao natafuta fundi anayependa stendi."

Alisema kwa tabasamu. Ila Landy ni mtu anayelipwa kusikia, na alisikia vizuri kwamba nusu ya maneno yale haikuwa utani. Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kwa Don Gaspar, ambaye alikuwa anakula embe kivulini mwa gari lake.

"Don Gaspar, nahitaji kulabu mbili kule chumbani. Za blanketi langu la sauti."

"Hm. Lina uzito gani hilo blanketi?"

"Kama kilo sitini."

Don Gaspar akaacha kutafuna.

"Sitini."

"Na pengine wajukuu wakija kulirukia, zaidi."

Mzee akajifuta mikono, akainama nyuma ya gari na kutoa kopo la rangi lililojaa vyuma. Kulabu za Doña Elsy zilikuwa humo, hakuzitupa. "Mare! Chuma kama hiki siku hizi hakitengenezwi," akanung'unika, akaingia nacho ndani.

Nilimwuliza baadaye kama Landy alimweleza chochote.

"Hakunieleza kitu," alisema Don Gaspar. "Mtu wa Umán akikuambia blanketi lina kilo sitini, unataka akuambie nini tena?"

Hakuzipachika kwenye lipu. Alichimba mpaka kwenye jiwe, akamimina saruji, akapima kimo kwa bega lake mwenyewe, akarudi nyuma hatua chache na kupima kwa jicho, kama watu wa kwetu wanavyopima mahali pa hamaka wanapohamia nyumba. Wapaka rangi wakafuata. Hawakuchelewa.

Siku ya kumrudisha Doña Elsy, blanketi lilitundikwa asubuhi mtangazaji aliporekodi maneno yake, kisha likashushwa, kitanda kikaingizwa. Wilma alifika na basi la usiku kutoka Cancún na akakataa mtu mwingine asikitandike. Alivuta mashuka mpaka yakakaza, akakunja pembe kwa pigo moja la kiganja. Mito minne.

Renata akapita kukagua, akasimama. "Na hizi kulabu? Don Gaspar, zitoe basi."

"Zikitoka, bosi, zinatoka na ukuta," alisema Don Gaspar, akiangalia viatu vyake. "Tupige lipu upya, tungoje ikauke."

"Hatuna muda huo."

"Ndiyo hivyo, hatuna."

"Basi zipakeni nyeupe. Hazitaonekana."

Zikapakwa nyeupe.

Landy akazima mapangaboi, akachomoa friji. Friji ilikuwa mpya, haingurumi sana, lakini kwake kidogo ni kingi. Akafungua, akaweka funguo. Akambana Doña Elsy maiki kifuani pale mlangoni, mikono yake ikichukua muda mrefu kidogo kuliko siku nyingine.

"Fungua macho!" akasema mtangazaji.

Doña Elsy alisifu kila kitu. Alisifu sebule. Alisifu jiko, akaigonga friji ubavuni. "Hii haina kikohozi," akasema. Alicheka, alishukuru, aliwabariki mafundi mmoja mmoja. Sauti yake ilikuwa changamfu mpaka walipokaribia mlango wa chumbani. Hapo ikapungua.

Wilma akamwachia mkono. "Mama. Ona."

Kitanda kilikuwa kizuri, haki ya Mungu. Doña Elsy alikitazama. Akapitisha kiganja juu ya shuka.

"Kizuri, mwanangu," akasema. "Kizuri mno."

Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini, nyuma ya Landy. Niliona ncha ya fimbo ikitikisika. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, wenzake waliniambia, fimbo ya Landy haijawahi kutikisika.

Kisha Doña Elsy akafanya kile ambacho yeyote kati yetu hufanya akiingia chumba kigeni. Akainua macho ukutani kutafuta mahali pa kutundikia.

Akaiona ya kwanza. Akageuka, akaiona ya pili. Akasogea polepole, akaishika, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote mpaka visigino vikanyanyuka sakafuni. Kulabu haikutikisika.

"Nani?" akauliza.

Don Gaspar alikuwa anachunguza dari. Landy alikuwa ameinamia mashine yake kama mtu anayesoma Injili.

Doña Elsy akaachia kulabu, akamshika binti yake mabega, akamkalisha juu ya kitanda.

"Wilma. Umetandika vitanda vya watu tangu ukiwa msichana mdogo. Umewahi kulala kwenye kimoja?"

"Haturuhusiwi, mama. Hata kukaa haturuhusiwi."

"Hapa unaruhusiwa. Vua viatu. Ukija nyumbani, hiki ni chako."

"Chako, mama! Nimekuletea wewe!"

"Na mimi nakupa wewe. Mimi nina pangu."

Wilma akafuata macho ya mama yake mpaka ukutani, na nikaona akielewa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia kwa furaha, mwanangu. Nani humkatiza mtu anayelia kwa furaha?"

Doña Elsy akatoka uani, akarudi na mfuko wa nailoni aliokuwa ameuficha huko. Hamaka ikatoka humo, ikafunguka, ikapanda kulabu moja, ikapanda ya pili. Mtangazaji mwenye meno mazuri alisimama mdomo wazi. Renata aliinua mkono kusimamisha kamera. Mkono ukabaki hewani, halafu akaushusha.

Mama akajitupa kwenye hamaka yake mshazari, kama inavyolaliwa, na binti akalala kitandani. Wakatazamana, wakaanza kucheka, na mimi niliyekuja kuandika habari za maiki na nyaya nililia mbele za watu.

Kabla ya kufunga kazi kwenye chumba chochote, Landy hurekodi kile anachokiita ukimya wa chumba. Watu wote wanasimama, hakuna anayekohoa, na mashine inanasa ile hali tu ya chumba kuwa kimya, ili baadaye mhariri azibe nayo mianya kati ya maneno. Kila chumba kina ukimya wake, anasema, na huwezi kuazima wa jirani.

"Ukimya wa chumba, tafadhali," akasema. "Mtu asijitikise."

Doña Elsy akatia mguu chini kuisimamisha hamaka.

"Hapana, Doña Elsy. Wewe bembea. Hiyo ndiyo sauti ya chumba."

Basi tukasimama wote katika joto lile, jasho likituteremka mgongoni, tukisikiliza kamba ikisugua chuma, mwendo wa kwenda, mwendo wa kurudi. Nilikuwa nimeishi na sauti ile maisha yangu yote na sikuwahi kuisikiliza.

Landy alipotoa ishara kwamba imetosha, Renata alipita karibu naye akijifuta pua.

"Mwangwi umeisha?"

"Umeisha."

"Blanketi zito kweli hilo," alisema Renata, akaendelea na njia yake. Kisha akageuka. "Msimu ujao uniambie mapema unahitaji kulabu ngapi."

Kamera zikazimwa, taa zikashushwa. Landy akaketi juu ya sanduku ukumbini, hedifoni bado masikioni, akaanza kukunja nyaya. Kupitia mlango niliweza kumwona Doña Elsy kwenye hamaka, macho amefumba. Kitandani Wilma alikuwa ameshapitiwa na usingizi, safari ya usiku imemshinda. Doña Elsy akainamisha kidevu mpaka kifuani, ilipo ile maiki ndogo, na midomo yake ikacheza. Safari hii hakuwa amesahau. Alikuwa anaongea nayo.

Mikono ya Landy ikaacha kukunja nyaya.

Ilichukua muda mfupi. Kisha akavua hedifoni, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akanyanyuka kwenda kumvua bibi maiki. Doña Elsy alimshika kiganja, akakibana shavuni mwake, akamwachia.

Nilimsindikiza Landy mpaka kwenye gari, nikimsaidia kubeba masanduku. Nikamwuliza anataka nini baada ya haya, maana wasomaji hupenda kujua.

"Nataka kufungua darasa pale Umán," alisema. "Chumba cha mbele, kwa mama yangu, alikokuwa baba anaweka baiskeli yake. Wasichana wa kwetu waje wajifunze kazi hii. Meza ninayo, mashine moja ya zamani ninayo. Mwakani Mungu akipenda naanza."

"Somo la kwanza litakuwa nini? Kushika fimbo?"

"Kushika fimbo hata mti unaweza. Somo la kwanza ni..."

Alikuwa anapapasa mifuko ya suruali. Akapapasa ya mbele, akapapasa ya nyuma, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

Tukarudi ndani kwa kunyata. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi nusu. Wilma amelala fofofo juu ya shuka lake jeupe, mguu mmoja unaning'inia nje ya kitanda kama wa mtoto. Doña Elsy naye alikuwa anabembea, na kila hamaka iliporudi, kidole gumba cha mguu wake kiligusa ukuta mpya na kuusukuma. Kwenye rangi ile nyeupe, usawa wa goti, palikuwa na kivuli kidogo cha kijivu, bado hakijaiva. Landy alikiona. Akatabasamu, akapita.

Jikoni alirudisha waya ukutani. Friji mpya haina makelele, kwa hiyo akaweka kiganja ubavuni mwake, akangoja mpaka akahisi inatetemeka. Ndipo akafungua, akachukua funguo.

Nje, jua lilikuwa linashuka. Akazigusisha funguo zile za baridi shingoni, akafumba macho kwa raha. Nikaona hapo ndipo pa kujaribu.

"Landy, Doña Elsy alikuambia nini kwenye ile maiki?"

Akanitazama kana kwamba nauliza jambo nisilostahili kuuliza, na kwa kweli sikustahili.

"Kamera zilikuwa zimezimwa," akasema, akawasha gari.